PETROLI YA BEI KUBWA NA MOTOKAA ZA NCHI YA JUU

Mwenye motokaa afikapo katika kituo cha petroli mjini Nakuru au Eldoret, mara nyingi hukuta aina mbili za petroli mbele yake. Ya kwanza ni super ya kawaida, ambayo bei yake ya juu hutangazwa na Serikali kila mwezi. Ya pili ina jina la fahari, rangi ya kupendeza juu ya pampu, na bei iliyozidi kwa shilingi kadhaa kwa kila lita. Kijana wa pampu huuliza kwa adabu, “Mzee, nikutilie ipi leo?” Na mzee, akikumbuka mlima ulio mbele yake na magunia ya viazi yaliyo nyuma yake, hujibu, “Tia ile yenye nguvu, kijana wangu. Leo naupanda Timboroa.”

Jibu hilo lina makosa mawili, na yote mawili hulipiwa fedha taslimu. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba petroli ya bei kubwa ina nguvu zaidi. La pili ni kudhani kwamba mahali pa juu ndipo motokaa inapohitaji petroli ya namna hiyo. Kweli ya jambo hili ni kinyume chake: kadiri motokaa ya kawaida ipandavyo juu ya usawa wa bahari, ndivyo haja yake ya petroli ya namba kubwa ipunguavyo. Lakini ziko motokaa ambazo hazimo katika kanuni hii, tena iko safari moja mashuhuri ambayo humwumbua mtu aliyeitegemea kanuni hii bila kufikiri. Kwa hiyo yafaa jambo lenyewe lielezwe tangu mwanzo wake.

Namba ya oktani ni kitu gani?

Ndani ya silinda ya injini, pistoni huvuta hewa iliyochanganyika na petroli, kisha huibana kwa nguvu. Baadaye plagi hutoa cheche, na moto huenea katika mchanganyiko ule kwa mpango, kama moto wa nyika uwashwao upande mmoja wa shamba ukaenda hatua kwa hatua mpaka upande wa pili. Moto huo ukienda kwa mpango, pistoni husukumwa chini sawasawa na gari huenda.

Lakini kitu chochote cha hewa kikibanwa sana hupata joto. Kila mtu aliyewahi kujaza upepo katika gurudumu la baiskeli ameona jinsi pampu yake ivyopata moto. Basi yawezekana sehemu ya mchanganyiko iliyo mbali na plagi ikabanwa na kupashwa joto hata ikalipuka yenyewe kabla moto wa cheche haujaifikia. Hapo mioto miwili hukutana, na dereva husikia sauti kali kama changarawe zinazotikiswa ndani ya mkebe. Mafundi husema, “Injini inagonga.” Kugonga kidogo kwa dakika moja hakuui injini. Kugonga sana, siku baada ya siku, hutoboa pistoni, huvunja ringi, na huunguza gasketi ya hedi. Gharama ya kuifungua injini na kuitengeneza upya, kila mwenye gari aijua.

Namba ya oktani ni kipimo cha jinsi petroli ivyoweza kustahimili kubanwa bila kulipuka yenyewe. Kipimo hiki kilianza mwaka wa 1926, pale mkemia mmoja Mwamerika, Graham Edgar, alipochagua vimiminika viwili viwe mizani. Kimoja, heptani, hugonga upesi mno, nacho kikapewa namba 0. Cha pili, aisoktani, hustahimili sana, nacho kikapewa namba 100. Petroli yenye namba 91 ni ile inayogonga sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 91 za aisoktani na sehemu 9 za heptani. Maana yake haizidi hapo. Namba hiyo haisemi hata neno moja juu ya nguvu iliyomo katika petroli. Lita ya 91 na lita ya 95 zina nguvu karibu sawa kabisa. Tofauti yao ni uvumilivu.

Miaka michache kabla ya Edgar, tarehe 9 Desemba, 1921, Thomas Midgley na wenzake katika maabara ya General Motors waligundua kwamba tone dogo la dawa yenye madini ya risasi huzuia petroli isigonge. Dawa hiyo ilienea duniani kote, na pamoja nayo ikaenea sumu ya risasi katika hewa ya miji, sumu idhuruyo akili za watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara, Kenya ikiwa mojawapo, ziliacha petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho kabisa duniani kuiacha katika motokaa ilikuwa Algeria, mwaka wa 2021. Siku hizi namba ya oktani huongezwa kwa njia nyingine za usafishaji wa mafuta, na njia hizo zina gharama. Hiyo ndiyo sababu moja ya bei kubwa. Ni haki pia kusema kwamba baadhi ya petroli hizo za bei kubwa hutiwa dawa ya kusafisha ndani ya injini, nayo ina faida yake. Lakini dawa ya kusafisha si oktani, na wala si nguvu ya kupanda mlima.

Hewa nyepesi ya milimani

Kila mama wa Limuru au Kinangop aliyewahi kukaa Mombasa anajua kwamba maharagwe huchelewa kuiva huko juu. Sababu ni kwamba kadiri mtu apandavyo, uzito wa hewa unaokandamiza kila kitu hupungua, na maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha. Pwani maji huchemka kwa joto la sentigredi 100. Mahali penye urefu wa mita 2,400 huchemka kwa 92 tu.

Hewa ile ile inayochelewesha maharagwe ndiyo inayovutwa na injini. Ikiwa hewa ya Mombasa itahesabiwa kuwa sehemu 100, basi ya Kisumu, penye mita 1,131, ni kama 87. Ya Nairobi ni kama 82. Ya Eldoret, penye mita 2,100 hivi, hukaribia 78, na katika stesheni ya reli ya Timboroa, iliyo mita 2,743 juu ya bahari, hewa imebaki kama sehemu 73 tu. Injini isiyo na pampu ya kusukumia hewa haiwezi kuvuta kitu kisichokuwapo. Kwa hiyo motokaa iliyokuwa na nguvu za farasi 100 kule Likoni hufika Timboroa ikiwa na nguvu za farasi 73 hivi. Dereva huona gari limekuwa zito, hushusha gia, hukanyaga mafuta mpaka chini, na moyoni husema petroli ni mbaya. Petroli haina hatia. Kilichopungua ni hewa, wala hapana petroli yoyote duniani, hata ya bei gani, iwezayo kuirudisha.

Sasa msomaji na azingatie jambo lililo muhimu kuliko yote. Hewa inayoingia katika silinda ikiwa kidogo, hata ikibanwa na pistoni ile ile, haifikii mbano wala joto lile la pwani. Na kama mbano na joto vimepungua, hatari ya kulipuka yenyewe imepungua pia. Injini iliyokuwa ikigonga Mombasa kwa petroli fulani hunyamaza kabisa ifikapo Limuru, na petroli ni ile ile. Katika motokaa za zamani zenye kabureta, kila mita 300 za kupanda ziliweza kupunguza haja ya oktani kwa namba moja hivi. Katika motokaa za kisasa, ambazo kompyuta hujirekebishia mambo mengi, upungufu huo ni mdogo zaidi.

Na petroli inayouzwa katika nchi ya juu ya Kenya ni ipi? Ni ile ile ya pwani. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Mombasa kilichoanza kazi mwaka wa 1963 kilikoma kusafisha mwaka wa 2013, na tangu hapo petroli yote huletwa kwa meli ikiwa imekwisha kusafishwa. Bomba kubwa, ambalo la kwanza lilianza kutumika mwaka wa 1978, huipeleka Nairobi, na tangu 1994 bomba hilo hufika mpaka Eldoret na Kisumu. Hapana petroli maalumu ya milimani. Super iliyoonwa kuwa yafaa kwa joto la Mombasa, ndiyo imtiririkiayo mkulima wa Uasin Gishu ndani ya tangi lake; maana yake ni kwamba mkulima huyo tayari ana akiba ya oktani ambayo injini yake haiitumii. Akinunua namba kubwa zaidi, anaongeza akiba juu ya akiba. Ikiwa tofauti ya bei ni shilingi 10 kwa lita, na tangi lake ni la lita 40, na hulijaza mara moja kila juma, basi kwa mwaka ametoa shilingi 20,800 bila kupata hata hatua moja ya mwendo. Fedha hizo zanunua mbolea.

Mambo ya Amerika

Kuna nchi ambayo wauzaji wa petroli walifuata kanuni hii ya hewa nyepesi mpaka mwisho wake. Katika majimbo ya Milima ya Rocky huko Marekani, kama Colorado, Wyoming na Utah, vituo vingi huuza petroli ya namba 85, ingawa namba ya chini katika sehemu nyingine za nchi hiyo ni 87. Mji wa Denver upo mita 1,609 juu ya bahari, karibu sawa na Nairobi. Zamani, motokaa zote zilipokuwa na kabureta, jambo hilo halikuleta taabu kubwa, na watu walifurahia bei nafuu.

Lakini motokaa zilibadilika, na petroli ile ikabaki pampuni. Siku hizi Serikali ya Marekani yenyewe huwashauri wenye magari wasitumie 85 isipokuwa gari ni la zamani lenye kabureta, bali wafuate namba iliyoandikwa na mtengenezaji. Injini za sasa hubana sana. Land Rover ya miaka ya 1960 ilibana mchanganyiko wake mara 7 tu. Toyota Probox, ambayo leo yaonekana katika kila barabara ya Kenya ikiwa na mzigo upitao kimo chake, injini yake ya lita 1.5 hubana mara 10.5, na ziko nyingine zibanazo mara 13. Injini hizo zina kifaa kidogo kama sikio kilichofungwa ubavuni, ambacho husikia mgongo wa kwanza kabla dereva hajausikia, na kompyuta huichelewesha cheche ili injini isidhurike. Kwa hiyo motokaa ya leo yenye petroli hafifu mara nyingi haipigi kelele. Hupoteza nguvu kimya kimya na kula petroli zaidi.

Hapa pana mtego mmoja wa hesabu ambao umewapotosha wengi, hata makarani wasomi. Namba ya Wamerika si namba ya Kenya. Kuna njia mbili za kupima oktani, moja ya upole na moja ya ukali; Kenya, Ulaya na Japani huandika jibu la njia ya upole, na Wamerika huchukua majibu yote mawili na kuyagawanya katikati. Kwa hiyo 87 ya Amerika ni sawa na 91 au 92 ya huku, na 91 yao ni kama 95 au 96. Mtu aliyeletewa motokaa iliyotengenezwa kwa soko la Amerika, akasoma kitabuni “91,” akatia 91 ya huku, amejipunja namba nne nzima.

Motokaa nyingi zinazoingia Kenya zimetumika kwanza Japani, na vitabu vyake vimeandikwa kwa herufi za Kijapani. Huko petroli ya kawaida haipungui namba 89, na ile ya juu, waiitayo haioku, haipungui 96. Ndani ya kifuniko cha tangi mara nyingi kuna karatasi iliyobandikwa isemayo motokaa yataka ipi. Yafaa kumtafuta mtu awezaye kuisoma mara moja tu, na kuiandika kwa Kiswahili pembeni kwa kalamu isiyofutika. Motokaa iliyoandikiwa ya kawaida haina haja ya zaidi, hasa katika nchi ya juu.

Wasiohusika na nafuu hii

Motokaa yenye tabo ni jambo jingine kabisa. Tabo ni pampu izungushwayo kwa moshi wa injini, na kazi yake ni kusukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu. Ifikapo milimani na kukuta hewa ni nyepesi, haikubali kushindwa. Huzunguka kwa kasi zaidi mpaka silinda zipate karibu hewa ile ile iliyokusudiwa. Basi mbano haupungui, joto haliishi, na haja ya oktani hubaki kama ilivyokuwa Mombasa. Wenye Subaru za tabo na Volkswagen ndogo za namna hiyo ambazo vitabu vyake vimetaja 95 au haioku wasijidanganye kwa urefu wa Timboroa. Kwao shilingi zile chache za ziada si anasa. Kuzihepa ni kuiuza injini kwa bei ya lita.

Tena kuna mwizi wa oktani ambaye hatajwi katika kitabu chochote cha gari, naye ni mafuta ya taa. Kwa miaka mingi bei yake ilikuwa chini ya petroli na dizeli, na wauzaji wasio waaminifu waliyachanganya humo kwa siri. Jambo hili lilizidi hata Serikali ikaweka ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018, ili faida ya uchanganyaji ipotee. Mafuta ya taa hugonga upesi sana; kiasi kidogo tu ndani ya tangi huishusha namba ya petroli nzuri. Na ubaya wake ni kwamba hewa nyepesi ya milimani huuficha wizi huo. Motokaa iliyotiwa mchanganyiko huo Nyahururu yaweza kwenda juma zima bila kulalamika, ila moshi kidogo na uvivu wa kuwaka asubuhi. Siku mwenyewe ateremkapo pwani ndipo injini inaposema kweli. Kununua mahali panapojulikana, na kuomba risiti kila mara, ni kinga kubwa kuliko jina la fahari juu ya pampu.

Mafundi wa zamani walikuwa na desturi nyingine. Kwa motokaa zenye kabureta na distributa, waliisogeza taimingi mbele kidogo ili kurudisha sehemu ya nguvu iliyopotea kwa urefu wa nchi, na wakapunguza petroli katika kabureta kwa sababu hewa ilikuwa haba. Ilikuwa kazi nzuri, na wenye Peugeot na Volkswagen kuukuu waliobaki waweza kuifanya hata leo. Lakini motokaa iliyotegewa Molo si motokaa ya Mombasa. Iteremkapo bila kurudishwa kama ilivyokuwa, hukuta hewa nzito, joto kali na taimingi iliyotangulia, mambo matatu yaletayo mgongo kwa pamoja.

Hiyo ndiyo safari iliyotajwa mwanzo. Watu wengi wa bara huogopa mlima wa Timboroa na kuidharau barabara ya pwani. Kwa upande wa kugonga, hesabu ni kinyume. Mahali injini inapojaribiwa kuliko pengine pote ni pale ianzapo kupanda kutoka Mombasa kuelekea Mazeras na Mariakani saa nane za mchana: hewa ni nzito kabisa, jua ni kali, mzigo umejaa, na gari liko katika gia kubwa nyuma ya lori lisilotaka kupitwa. Mkulima aliyeteremsha viazi na sasa arudi na saruji, kama gari lake ni la zamani au lina mashaka yoyote, hapo ndipo petroli ya bei kubwa inapoweza kumfaa, nayo inunuliwe Mombasa kabla ya kuondoka, wala si Nakuru baada ya kufika.

Akisikia changarawe zikitikiswa ndani ya mkebe, na ashushe gia, apunguze mguu, aache injini izunguke kwa wepesi. Atazame kipimo cha joto na, injini ikiisha kupoa, maji ya radieta, kwa kuwa injini yenye joto hugonga hata kwa petroli safi. Katika kituo kifuatacho aongeze petroli ya namba kubwa juu ya ile iliyomo. Aina hizo mbili huchanganyika bila madhara, na nusu ya 91 pamoja na nusu ya 95 hufanya kama 93. Apitapo Voi na kuendelea kupanda, kelele ikiwa ni ya petroli itapungua yenyewe. Ikiendelea vile vile mpaka Nairobi, si petroli tena, na fundi aitazame plagi, taimingi na masizi yaliyoganda ndani ya silinda kabla gari halijabebeshwa mzigo mwingine.